Kulala hotelini na kula ndani ya ukuta wa Avignon: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Wageni wanaorudi kutoka Avignon, kusini mwa Ufaransa, hurudi na malalamiko yale yale. Mmoja alilipia hoteli ya "Avignon", kumbe iko kando ya barabara kuu mbali na ukuta wa mji. Mwingine alifika saa nne usiku akakuta mlango umefungwa na mapokezini hakuna mtu. Wengi wamezunguka saa tisa alasiri na njaa yao, kila jiko limeshazimwa. Na wapo walioagiza walichodhani ni wali, wakaletewa tezi za ndama.

Haya yote yanaepukika. Mji huu una saa zake na maneno yake, na asiyeyajua hulipa zaidi na kula vibaya. Mwongozo huu ni wa usiku mbili au tatu ndani ya ukuta, sehemu ambayo wenyewe huiita *intra-muros*. Sehemu kubwa itakufaa pia Arles, Beaune, Colmar au mji mwingine wowote mkongwe wa Ufaransa.

## Andaa hivi kwanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka eneo la Schengen, na yenye kurasa 2 tupu.
- Viza ya Schengen kama nchi yako inaihitaji, pamoja na bima ya safari ya yuro 30,000 au zaidi.
- Uthibitisho wa hoteli uliochapishwa, wenye jina la kila msafiri kama lilivyo kwenye pasipoti.
- Kadi ya benki yenye namba ya siri ya tarakimu 4. Ijulishe benki yako kabla ya kusafiri.
- Yuro 50 hivi za noti ndogo na sarafu. Maduka madogo huweza kukataa kadi kwa kitu cha yuro 2.
- Adapta ya plagi. Plagi ya Kenya, Tanzania na Uganda ina miguu mitatu ya bapa; soketi ya Ufaransa ina matundu mawili ya duara na kijiti kimoja kinachotokeza. Nunua adapta yenye tundu la kupokea kijiti hicho, la sivyo huenda isiingie. Umeme ni volti 230, kwa hiyo chaja za nyumbani zinafanya kazi.
- Sanduku unaloweza kulipandisha mwenyewe ghorofa tatu bila kupumzika.
- Viatu vya soli ya mpira. Vichochoro vingi vimetandikwa mawe ya mviringo, na mvua ikinyesha huteleza.
- Chupa au kopo la chooni kwa anayetumia maji. Vyoo vya hoteli mara nyingi havina mpira wa maji.

## Kabla ya yote, geuza saa

Kila tangazo la mlangoni, tiketi na ujumbe wa hoteli utaandikwa kwa saa 24: 14h, 19h30, 21h30. Anayehesabu saa kwa Kiswahili hukosea hapa kuliko popote.

Kanuni ni fupi. Kuanzia 7h mpaka 18h, toa 6. Kuanzia 19h, toa 18. Kwa hiyo 14h ni saa nane mchana, 20h ni saa mbili usiku, na 21h30 ni saa tatu na nusu usiku. Ukiweka meza ya "8h" ukimaanisha saa nane mchana, umejiwekea meza ya saa mbili asubuhi, wakati mpishi hajafika.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe

Kama hukwenda kwa ajili ya tamasha, uepuke Julai. Tamasha la michezo ya kuigiza la Avignon, lililoanza mwaka 1947, huujaza mji mwezi huo: bei hupanda, vyumba huisha miezi kabla, na kelele hukesha. Joto nalo ni kali, na hoteli za majengo ya kale si zote zenye kiyoyozi.

Mei, Juni ya mwanzo na Septemba ndizo nzuri zaidi. Wakati wa baridi na mwanzo wa masika huvuma mistral, upepo wa kaskazini unaoshuka bonde la mto Rhône. Jua litakuwa linawaka na bado utatetemeka. Beba koti linalozuia upepo, maana sweta peke yake haitoshi.

## Hatua ya 2: Hakikisha hoteli iko ndani ya ukuta

Ukuta wa Avignon una urefu wa kilomita 4 na ushei, na bado umesimama wote. Huo ndio mpaka wako. Tovuti za kuweka nafasi huandika "Avignon" hata kwa hoteli iliyo ng'ambo ya mto.

Anza na namba ya posta. 30400 ni Villeneuve-lès-Avignon, ng'ambo ya Rhône. 84130 ni Le Pontet. 84140 ni Montfavet. Unayoitaka ni 84000, ila hiyo nayo haitoshi, kwa sababu inafika hadi Courtine, nje kabisa, karibu na stesheni ya treni za kasi. Fungua ramani, uone kama alama ya hoteli iko ndani ya mviringo wa ukuta.

Halafu tazama mtaa. Karibu na Place de l'Horloge, uwanja mkuu wa mji, utakuwa katikati ya kila kitu, na kelele za vibarazani zitakufikia mpaka usiku mwingi. Nyuma ya Kasri la Mapapa (*Palais des Papes*), jumba walimoishi mapapa zamani, kumetulia zaidi. Upande wa Place Crillon, karibu na mto, nako kumetulia. Hapo ndipo ilipo Hôtel d'Europe, iliyo hoteli tangu mwaka 1799, kwa mwenye mfuko mnene. Kusini, kando ya Cours Jean Jaurès, ni dakika chache tu kutoka stesheni ya katikati, jambo la maana kwa mwenye mizigo.

Tahadhari ya neno. *Hôtel* kwa Kifaransa si lazima iwe nyumba ya wageni. *Hôtel de Ville* ni ofisi ya manispaa. Ya Avignon iko hapo hapo Place de l'Horloge, na ukiingia na sanduku utatazamwa. *Hôtel particulier* ni jumba la familia tajiri ya zamani. *Hôtel-Dieu* ilikuwa hospitali.

Utajua umefaulu: kwenye ramani, kutoka hotelini hadi Place de l'Horloge ni mwendo wa mguu usiozidi dakika 15, bila kuvuka ukuta wala mto.

## Hatua ya 3: Uliza maswali matano kabla ya kulipa

Nyota za hoteli za Ufaransa hupima vifaa na huduma. Hazipimi uzuri wa jengo. Chumba cha watu wawili cha nyota mbili kinaruhusiwa kuwa na mita za mraba 9 tu, yaani kitanda, ukuta, na mahali pa kufungulia sanduku ikiwa mwenzako amekaa. Andika barua pepe, uulize:

1. Kuna lifti? (*Y a-t-il un ascenseur ?*) Ngazi za mawe za mzunguko zinapendeza kwenye picha. Ukiwa na mzee au sanduku la kilo 23, ni adhabu. Ghorofa zinahesabiwa kama kwetu: ya chini ni 0 au *RDC*, na *1er étage* ndiyo ya juu yake.
2. Kuna kiyoyozi? (*climatisation*) Kwa Juni hadi Septemba, usikubali jibu la kuzungukazunguka.
3. Kitanda ni kipi? *Grand lit* ni kimoja cha watu wawili. Kikiwa cha sentimita 140, wawili wenye miili mtabanana. *Lits jumeaux* ni viwili mbalimbali.
4. Mapokezi yanafungwa saa ngapi? Hoteli ndogo nyingi hazina mtu usiku.
5. Kifungua kinywa kimo kwenye bei? Mara nyingi hakimo. Ukiona ni ghali, kataa. Mkate na kahawa utavipata jirani.

Bei unayoiona huenda haijajumlisha kodi ya utalii, *taxe de séjour*. Hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na wenye umri chini ya miaka 18 hawalipi.

## Hatua ya 4: Weka nafasi kwa namna inayokubalika ubalozini

Chagua bei inayoruhusu kufuta, hata ikizidi kidogo, kwa sababu viza inaweza kuchelewa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15 kabla. Ukiwa na hoteli iliyothibitishwa, Ufaransa hutaka uonyeshe angalau yuro 65 kwa kila siku ya kukaa. Bila hoteli kiwango ni yuro 120.

Usifute hoteli baada ya kupata viza ukitegemea kutafuta ya bei rahisi ukifika. Afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kukuuliza unalala wapi, na karatasi ya nafasi iliyofutwa ni balaa. Ukibadilisha hoteli, chapisha uthibitisho mpya.

## Hatua ya 5: Fika kwenye stesheni iliyo sahihi

Avignon ina stesheni mbili. Avignon TGV ni ya treni za kasi, nje ya mji upande wa kusini-magharibi. Avignon Centre iko mbele ya ukuta, ukitazamana na lango la Porte de la République. Kati yao kuna treni ndogo ya TER ya dakika 5 hivi. Nunua safari nzima hadi Avignon Centre kwenye tiketi moja kama inapatikana.

Kutoka Paris, TGV huondoka Gare de Lyon na kuchukua kama saa 2 na dakika 40. Anayetua Charles de Gaulle, kama abiria wa ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi, hana haja ya kuingia Paris: Terminali 2 ina stesheni yake ya TGV, na zipo treni zinazokwenda Avignon moja kwa moja. Jiachie saa 3 kati ya kutua na treni. Foleni ya uhamiaji haina huruma, na tiketi ya bei ya chini haibadilishwi bure.

Kwenye treni kuna mambo matatu yanayowaponza watu. Namba ya jukwaa, *voie*, huonyeshwa takriban dakika 20 tu kabla ya kuondoka. Mara nyingi treni ni mbili zilizounganishwa na ndani hakuna njia ya kupita, kwa hiyo tafuta behewa lako, *voiture*, ukiwa bado chini. Na TGV INOUI, ile ya kawaida, huruhusu masanduku 2 na mkoba 1 mdogo kwa mtu, yote yakiwa na jina lako. OUIGO, ile ya bei nafuu, hubana zaidi na hutoza ziada.

Kutoka Avignon Centre, ingia langoni na ufuate barabara moja iliyonyooka: Cours Jean Jaurès, halafu Rue de la République, mpaka Place de l'Horloge. Ni robo saa kwa mguu.

Mwenye gari la kukodi asijaribu kupenya vichochoroni. Barabara nyingi zimefungwa kwa nguzo zinazozama na kuibuka. Egesha chini ya Kasri la Mapapa kwa kulipia, au kwenye maegesho ya Italiens nje ya ukuta.

## Hatua ya 6: Ingia hotelini

Chumba hutolewa kuanzia 15h (saa tisa) katika hoteli nyingi. Ukifika mapema, acha mizigo: *Je peux laisser mes bagages ?*

Anza na Bonjour. Bonjour ni hodi ya Wafaransa. Anayeanza na swali bila bonjour ameingia nyumba ya mtu bila kubisha, na atajibiwa hivyo hivyo. Giza likiingia ni *Bonsoir*. Mgeni wa nje hupewa fomu fupi ya polisi na kuombwa pasipoti. Usishtuke, ni sheria. Hakikisha tu umerudishiwa pasipoti yako.

Kama utafika usiku, omba namba ya mlango, *le code*, kwa barua pepe siku moja kabla, na uipige picha ya skrini. Mlango wenyewe hufunguliwa hivi: kando yake kuna kibao cha chuma chenye namba na herufi mbili, A na B. Bonyeza namba zote na herufi kwa mfuatano. Utasikia mlio mfupi au mkwaruzo ndani ya kitasa. Hapo hapo sukuma kwa bega, kwa sababu milango hii ya mbao ni mizito na kufuli hujirudi baada ya sekunde chache. Ndani ni giza. Tafuta ukutani kitufe chenye taa ndogo ya rangi ya chungwa: kinawasha taa za ngazi kwa muda mfupi, kisha zinajizima. Zikizimika ukiwa katikati ya ngazi, simama. Kitufe kingine kipo kila ghorofa.

Chumbani, jaribu maji ya moto, kiyoyozi na kufuli ndani ya dakika 10 za kwanza, wakati mhudumu bado yupo. Mistral ikivuma, funga mbao za nje za dirisha kwa ndoano yake, la sivyo zitapigapiga mpaka asubuhi.

Utajua umefaulu: una ufunguo, namba ya mlango, na saa ya kifungua kinywa.

## Hatua ya 7: Weka meza, na kula kwa saa zao

Hapa ndipo wengi huanguka. Chakula cha mchana ni 12h hadi 14h. Cha usiku ni 19h au 19h30 hadi 21h30 hivi. Katikati jiko limelala, hata kama mlango uko wazi na watu wanakunywa kahawa. Ukifika saa nane kasorobo mchana wanaweza kukupokea kwa uso mgumu. Saa nane na nusu usijisumbue.

Ukichelewa, tafuta bango la *service continu*, yaani jiko halizimwi mchana kutwa. Hizo nyingi ziko Place de l'Horloge, ambako unalipia mandhari zaidi kuliko chakula. Duka la mkate, *boulangerie*, litakuokoa kwa bei ndogo.

Kwa usiku, weka meza siku moja kabla, au mbili kwa Ijumaa na Jumamosi: *Je voudrais réserver une table pour deux, demain soir à vingt heures.* Kwanza soma ubaoni siku wanayofunga. Jumapili usiku na Jumatatu ndizo za kawaida. Ukiahirisha, piga simu.

Wapi? Toka uwanja mkuu. Place des Corps-Saints ina meza chini ya miti, na umati wake una wenyeji. Rue des Teinturiers, mtaa wa mawe wenye mfereji na magurudumu ya maji ya zamani, ina migahawa midogo. Kuzunguka Place Pie kuna vyakula vya bei tofauti tofauti.

## Hatua ya 8: Soma ubao wa bei

Orodha ya vyakula vyote huitwa *la carte*. Neno *menu* maana yake ni mlo uliopangwa kwa bei moja. Tuseme ubao unasema hivi:

*Formule midi : entrée + plat ou plat + dessert, 20 €. Boisson non comprise.*

Yaani mchana, kwa yuro 20, unachagua kianzio na chakula kikuu, au chakula kikuu na kitamutamu. Si vyote vitatu. Kinywaji ni juu yako. *Entrée* hapa ni kianzio. Waliozoea Marekani, ambako neno hilo ni chakula kikuu, huishia na sahani ya saladi. *Plat du jour* ndiyo sahani ya siku, na mchana ndiyo nafuu zaidi.

Maneno ya kuwa nayo macho:

- Riz ni wali. Ris de veau ni tezi za ndama. Matamshi ni yale yale, kwa hiyo angalia herufi.
- Lardons, jambon, lard, saucisson, boudin: hesabu kuwa ni nguruwe. Lardons hujificha kwenye saladi na *quiche lorraine*.
- Andouillette: soseji ya utumbo wa nguruwe, yenye harufu inayotangulia sahani.
- Tartare: mbichi. Si ya kuiva kidogo, ni mbichi.
- Daube: nyama iliyopikwa polepole kwa mvinyo.
- Pieds et paquets: miguu na utumbo wa kondoo. Mpenda makongoro atameza mate, ila vifurushi vya utumbo hutiwa ndani nyama ya nguruwe ya chumvi.
- Papaline: chokoleti ya waridi ya Avignon. Ndani ina pombe.

Asiyekula nguruwe wala pombe aulize: *Sans porc et sans alcool, c'est possible ?* Samaki wa kuchoma ndiye kimbilio, na pia aïoli (samaki, mboga na mchuzi mzito wa vitunguu saumu) au papeton d'aubergines, bilinganya na mayai vilivyookwa pamoja, chakula cha hapa hapa Avignon. Bado uliza, maana mvinyo huingia kwenye mchuzi bila kuandikwa. Nyama ya halali haipatikani kwenye migahawa ya kawaida. Tafuta yenye bango la *halal*.

## Hatua ya 9: Agiza na ulipe

Nyama ya ng'ombe utaulizwa iive vipi. *Bleu* ni karibu mbichi, *saignant* ina damu, *à point* bado ni ya waridi ndani. Aliyezoea nyama choma aseme bien cuit, na akitaka uhakika, *très bien cuit*. Bata wa *magret* naye huja wa waridi, sema mapema.

Maji ya bomba ni salama na kisheria ni bure pamoja na chakula. Sema *une carafe d'eau*. Ukisema "maji" tu, utaletewa chupa ya kulipia. Mkate nao ni bure. *Un café* ni kikombe kidogo chenye makali. Chai huja na maji ya moto na kifuko, na maziwa mpaka uyaombe.

Bili haiji mpaka uiite: *L'addition, s'il vous plaît.* Kukuletea kabla kungekuwa kukufukuza. Huduma imo kwenye bei. Ukipenda acha yuro 1 au 2. Mashine ya kadi italetwa mezani. Ikikuuliza ulipe kwa yuro au kwa shilingi, chagua yuro, kwa sababu kiwango cha shilingi kinachotolewa hapo karibu kila mara kinakuumiza. Kilichobaki unaweza kuomba ufungiwe: *Je peux emporter le reste ?*

## Hatua ya 10: Siku ambayo kumefungwa

Jumapili asubuhi nenda Les Halles, soko lililoezekwa la Place Pie, lile lenye ukuta wa mimea mbele. Hufunguliwa asubuhi, Jumanne hadi Jumapili, mchana wanafunga. Nunua jibini, zeituni, matunda na kuku wa kuoka, upande navyo bustani ya Rocher des Doms juu ya Kasri. Sehemu ya pili weka hotelini kwa usiku, muulize mhudumu kama kuna friji. Jumatatu soko limefungwa, basi panga kabla.

## Hatua ya 11: Ondoka bila kukimbizana

Chumba hurudishwa saa tano asubuhi (11h) mara nyingi. Lipa kodi ya utalii usiku wa mwisho, si asubuhi, kwa sababu mapokezini kunaweza kuwa na mtu mmoja anayepika kahawa na kutoa risiti kwa wakati mmoja. Omba *la facture*.

Toka hotelini dakika 90 kabla ya TGV: robo saa hadi Avignon Centre, treni ndogo iliyotangulia ile unayoihitaji, na muda wa kutafuta behewa. Milango ya TGV hufungwa dakika 2 kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi.